Mhariri, msituambie tukauze kompyuta zetu kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Mimi ni fundi kompyuta hapa Morogoro, kibanda changu kiko jirani na stendi ya Msamvu, na gazeti lenu nalisoma karibu kila siku, likinipita asubuhi nalikuta kwa kinyozi jioni. Sijawahi kuandika barua gazetini kwa hiyo mkiona narukaruka mnivumilie tu, mikono yangu imezoea bisibisi kuliko haya mambo.

Kilichonifanya nikae chini ni ile makala yenu ya ukurasa wa teknolojia iliyosema Windows 10 imefika mwisho tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba mwenye mashine isiyokubali Windows 11 ajipange kununua nyingine, ile ya zamani aipeleke chuma chakavu. Sasa kesho yake tu akaja mama mmoja ana kituo cha kulelea watoto, kabeba laptopu tatu kwenye kiroba cha mchele, akazitua mezani kwangu puu, akaniuliza fundi unachukua kilo shilingi ngapi. Kwa kilo, mhariri! Nikaziwasha zote mbele yake. Mbili zikawaka bila shida yoyote, ya tatu tatizo lilikuwa chaja. Mtu akishasoma kitu kwenye gazeti basi ndo kimeshakuwa sheria, ninyi wenyewe mnajua.

Hizo mashine hazina ubovu. Kinachozikwamisha ni kwamba Windows 11 inataka chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0, na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kama ni ya Intel iwe kizazi cha nane kwenda juu, yaani zilizoanza kutoka mwaka 2017. Laptopu za mtumba ninazochukua mimi Kariakoo nyingi ni kizazi cha tatu, cha nne, cha sita ukibahatika, kwa hiyo kwa mkupuo mmoja zote zimeambiwa ni za makumbusho.

Najua kuna vijana watasoma hapa waseme sasa si uweke Linux tu, ule mfumo wa bure wa kuweka badala ya Windows, imeisha hiyo. Na kweli ndicho nilichomfanyia yule mama, akalipia chaja tu. Ila hiyo "imeisha" ndo ninayoitaka leo, maana haijaisha, na sisi mafundi tunaotamba mitaani kwamba Linux haizeeki huwa tunasema nusu ya ukweli. Haizeeki kwa sababu kuna watu wanaikatalia isizeeke. Watu kabisa, wana watoto, wana kodi za nyumba, wengi wao kwa kazi hii ya kuhangaikia vifaa vya zamani hawaoni hata senti, wanaifanya usiku baada ya kutoka kazini, na wakichoka wanaacha. Wakiacha mashine yako inakufa taratibu bila tangazo la msiba.

Ngoja nitoe mfano wa nyumbani. Mama yangu ni Mpare wa Same, milimani. Kule kuna ndiva, ni bwawa la kukusanya maji usiku, asubuhi yanafunguliwa yanashuka na mfereji mpaka mashambani. Mfereji haujisafishi wenyewe. Ikipigwa mbiu ya msaragambo kila nyumba inatoa mtu na jembe, anaoneshwa kipande chake toka jiwe hili mpaka mgomba ule, anazibua matope, anaondoka. Sasa ukiwa na shamba kule juu karibu na ndiva hata watu wasipotokea maji utayaona tu, anayeumia ni wa mwisho wa mfereji, yeye ndo anaamka asubuhi anakuta tope. Kwenye huu mfereji wa programu huria sisi wenye kompyuta za mtumba ndo wa mwisho kabisa, na tena hatujawahi kutokea na jembe. Tunangoja maji, yakichelewa tunasonya.

Kwa asiyejua, programu huria ni zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko wazi, yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha, kumpa mwenzie. Ndani ya kerneli ya Linux, ambayo ndo roho ya mfumo mzima, kila kifaa kina draiva yake, yaani programu ndogo ya kukiendesha, na kuna faili kabisa linaonesha nani anatunza kipande gani. Julai 2019 draiva ya diski za flopi ilibadilishiwa hadhi ikaandikwa yatima. Sitanii, ndo neno lenyewe wanalotumia, yatima. Aliyekuwa anaitunza, Jiri Kosina, hakuwa tena na mashine nzima yenye flopi ya kufanyia majaribio, basi Linus Torvalds mwenyewe, yule aliyeianza Linux mwaka 1991, akaweka hiyo alama. Baadaye akajitokeza mtu mwingine, Denis Efremov, akaandikisha jina lake, mtoto akapata mlezi.

Mtasema flopi nani anatumia siku hizi. Sawa, hata mimi ya mwisho niliishika zamani sana. Ila angalieni sababu. Yule bwana hakukosa akili wala utaalamu, alikosa kifaa. Watu wanaojua kuandika draiva wanaishi sehemu ambazo kompyuta ya miaka kumi haionekani tena hata jalalani, na sisi tunaoishi na hizo kompyuta hatujui kuandika draiva. Wao wana ujuzi, vyuma viko kwetu. Mimi peke yangu hapa kibandani nina laptopu na desktopu za aina 30 na zaidi zimepangwa mpaka uvunguni, kuna watunzaji huko nje wangelia machozi ya furaha wakiziona.

Sasa Debian. Huu ni mfumo wa Linux unaotengenezwa na watu wa kujitolea tangu 1993, na mifumo mingine kibao imejengwa juu yake, hata Ubuntu. Tarehe 9 Agosti 2025 walitoa Debian 13, na humo hakuna tena kerneli wala kisakinishi, yaani programu ya kuuingizia mfumo, cha zile prosesa za zamani za 32-bit, zinazohesabu kwa tarakimu 32 kwa mkupuo wakati za siku hizi ni 64. Debian 12 ya mwaka 2023 ndo ilikuwa ya mwisho. Niliposikia nilikasirika sana, nikasema hawa jamaa wameshiba, wametusahau. Nikakaa wiki nzima na hasira zangu. Halafu nikaanza kusoma maelezo yao kidogo kidogo usiku kwa bando la usiku na hasira ikaanza kuyeyuka yenyewe.

Kwanza kuna hesabu tupu. Programu ya 32-bit haiwezi kuona zaidi ya giga 4 za RAM hata ukiiwekea nyingi, na brauza za siku hizi zimenenepa kiasi kwamba hata kuikompaili tu, yaani kuigeuza toka msimbo kuwa programu, inavuka hapo. Pili kuna saa. Hizi mashine zinahesabu muda kwa sekunde toka tarehe 1 Januari 1970, na kisanduku cha kuhesabia cha 32-bit kinajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu za hapa. Kikijaa saa inarudi kinyume mpaka 1901. Debian wamehangaika kuzirekebisha mashine nyingine za 32-bit zile za ARM, aina ya prosesa zinazokaa kwenye simu, lakini hizi za aina ya Intel wakaziacha makusudi, kwa sababu wangegusa hicho kisanduku programu zote za zamani zingevunjika. Na hilo la tatu ndo lililoniuma: watu wa kuzijaribu wamebaki wachache mno. Mashine zenyewe zinazokompaili hizo programu ni za 64-bit. Tulikuwa nazo sisi huku na hatukusema neno.

Halafu msidhani ni wao tu. Linus aliianzia Linux kwenye kompyuta ya 386, ile kompyuta iliyomzalia kila kitu, na Desemba 2012 walipoiondoa 386 kwenye kerneli hakuwa na simanzi wala nini, aliona mzigo umetua. Septemba 2023 wakatangaza kwamba yale matoleo ya kerneli ya kudumu yaliyokuwa yanatunzwa miaka sita sasa yatatunzwa miwili, kwa sababu watunzaji wamechoka na yale ya zamani sana watumiaji wake ni wachache. Ukiusikiliza mfereji wote ni wimbo huohuo.

Ruta nazo. Kuna mfumo unaitwa OpenWrt, ulianza 2004 kutokana na ruta moja ya Linksys ambayo msimbo wake ulitolewa hadharani, umefufua ruta nyingi mno, lakini zile ndogo zenye megabaiti 4 za kuhifadhia na 32 za RAM ziliishia 2022, matoleo mapya hayaingii. Kwenye simu ni hivyohivyo. LineageOS iliyoanza Desemba 2016 inaongeza maisha ya simu za Android ambazo kampuni zimeshaziacha, ila simu ikiwa kwenye orodha ni kwa sababu kuna mtu anayo mkononi na amekubali kuitunza. Siku anaiuza au inamtumbukia chooni, na wewe yako imeingia naye.

Sasa niwape kisa changu, maana mengine yote haya nimeyasoma, hiki nimekifanya.

Kuna binti ana steshenari mtaa wa pili, anachapa barua za maombi ya kazi na sivii. Kilaptopu chake ni kile cha inchi kumi vilivyotamba sana kama 2009, prosesa yake Atom N270, hiyo ni 32-bit tupu, RAM giga moja. Siku moja nikamwekea kerneli mpya, nikazima, nikawasha, skrini nyeusi tii. Feni inazunguka, taa ya hadidiski inapepesa, skrini hamna. Nikazima taa za chumba nikamulika skrini kwa tochi ya simu kwa ubavu, kumbe maandishi yapo, yanaonekana kwa mbali kama samaki chini ya maji. Yaani picha iko, taa ya nyuma ya skrini ndo haikuwashwa. Nikirudisha kerneli ya zamani inawaka kama kawaida.

Nikaandika ripoti kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Nikajua hawatajibu. Baada ya siku mbili mtunzaji akajibu, tena kwa heshima kabisa, akasema samahani hiyo mashine mimi sina, ya mwisho niliyokuwa nayo ilikufa zamani, je unaweza kunitafutia ni badiliko gani lililoharibu?

Mhariri, kerneli mpya inatoka kila baada ya wiki tisa au kumi, na kila toleo linakuja na mabadiliko kama elfu kumi na tatu hivi. Utajuaje ni lipi? Nikasema huyu ananifukuza kistaarabu. Kumbe kuna njia, na ni ileile ya fundi umeme anayetafuta waya uliokatika ndani ya ukuta. Hapimi kila futi, anapima katikati. Umeme upo? Basi palipokatika ni mbele. Anapima tena katikati ya kilichobaki. Kila ukipima unatupa nusu, kwa hiyo ukipima mara 14 umeshamaliza mabadiliko elfu kumi na sita na mia tatu na kitu. Programu ya git, ile inayotunza historia ya mabadiliko yote, yenyewe ndo inakuchagulia pa kukata, kazi yako wewe ni kukompaili, kuwasha, na kumwambia nzuri au mbovu. Basi.

Nilitumia wiki mbili za usiku. Nilikuwa nakompaili kwenye desktopu yangu ya i5, nikaiambia ichukue draiva zile tu ambazo kile kilaptopu kinazitumia, hapo inachukua kama nusu saa badala ya kukesha, nabeba kwa flashi, nawasha, naangalia skrini. Usiku wa tisa umeme ukakatika katikati, uliporudi nikiwa nimechoka nikaandika nzuri wakati ilikuwa mbovu, na hapo ukikosea mara moja tu yote yanayofuata ni uongo, nikaja kushtuka baadaye, nikarudi tena toka wa tisa. Mke wangu akaniuliza hii kazi inalipa bei gani. Nikamwambia hailipi. Akaniangalia.

Kilichokutwa mwishoni ni kitu kidogo mpaka aibu. Ndani ya kerneli kuna orodha za mashine zenye tabia zao za kipekee, hii iwashiwe taa hivi, ile vile, na badiliko jipya lilikuwa limegeuza namna ya kuwasha taa kwa mashine zote isipokuwa zile za kwenye orodha, na modeli ya yule binti haikuwemo. Mtunzaji akaandika mistari saba, akanitumia, nikajaribu, skrini ikawaka. Jina langu likawekwa pale chini ya badiliko kama mtu aliyeripoti na kujaribu, na litakaa humo milele. Mimi siwezi kuandika mstari wa maana wa lugha ya C mpaka leo! Na yeye bila mimi asingeweza kitu, angekuwa anapapasa gizani, maana skrini iko Morogoro.

Kumbe hata mambo makubwa yalifanyika kwa kugawana hivi. Zile chipu za waifai za Broadcom zilizojaa kwenye laptopu za miaka ile, kampuni haikutoa maelezo yoyote ya jinsi zinavyofanya kazi. Watu wa kujitolea wakajigawa makundi mawili. Kundi la kwanza likachunguza draiva iliyofungwa ya kampuni na kuandika kwa maneno ya kawaida kifaa kinafanya nini, kundi la pili halikuruhusiwa hata kuchungulia, likasoma yale maelezo tu na kuandika draiva mpya toka mwanzo, ili mtu asije akasema mmeiba. Ikaingia kwenye kerneli 2.6.17, Juni 2006. Mpaka leo kuna laptopu hapa kwangu zinakamata waifai kwa kazi ile.

Na mtu akiachiwa peke yake? Hilo nalo limeshatokea. Kuna programu ya kubana mafaili inaitwa xz, ipo karibu kwenye kila mfumo wa Linux duniani, na miaka yote ilikuwa inatunzwa na bwana mmoja tu wa Finland, Lasse Collin, kwa muda wake wa ziada. Akachoka, akasema wazi kwamba hali yake ya afya ya akili haiko sawa, na bado watu wakawa wanamsakama mbona unachelewa. Akatokea mtu anajiita Jia Tan, mpole, mchapakazi, akasaidia saidia kama miaka miwili mpaka akapewa funguo. Kumbe alikuja kwa kazi maalumu, akapenyeza mlango wa siri kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aligunduliwa tarehe 29 Machi 2024 na Andres Freund, mfanyakazi wa Microsoft, kwa sababu tu aliona kuingia kwenye seva kunachelewa kama nusu sekunde akajiuliza kwa nini. Nusu sekunde! Wengine tungesema mtandao uko chini tukaenda kunywa chai.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndo hivyo. Baadhi ya wale waliokuwa wanamsakama yule bwana inashukiwa walikuwa majina bandia ya kumfungulia njia Jia Tan, ila sisi wengine huwa tunasakama kwa kutoujua uzito.

Na sisi hapa tumefanya kosa lilelile kwa saizi yetu. Tuna kikundi cha watu wanne, mimi, yule binti wa steshenari, mwalimu mmoja wa sekondari na kijana aliyekuwa anasoma chuo. Tunajaribu mifumo kwenye mashine za mtaani na kupeleka ripoti. Kijana ndo alikuwa kichwa, kila kitu anajua yeye, kukompaili yeye, kujibu watunzaji yeye, akaunti ya kupelekea ripoti kafungua yeye. Akapata kazi Dodoma. Tukamfanyia na kasherehe ka soda. Wiki iliyofuata tukagundua hatuna nywila, hatujui alipoishia, na mtunzaji mmoja alikuwa anasubiri jibu letu kuhusu skana, tukamkalisha miezi mitatu. Mpaka tunampata kijana kwenye simu yule mtunzaji alishaifunga ripoti kwa kukosa majibu, na alikuwa sahihi kabisa.

Toka hapo tuna kauntabuku la kwaya tatu, linakaa dukani kwangu kwenye droo ya multimita. Kila aina ya mashine ina mstari wake, imeandikwa waifai inashika au haishiki, sauti, kulala na kuamka, skrini, toleo gani la mwisho tumelijaribu na tarehe, na mwishoni majina mawili. Sharti majina yawe mawili. Jina likibaki moja mstari unapigwa kalamu nyekundu mpaka apatikane wa pili. Mwalimu kachukua laptopu za shule, anazijua kuliko mimi, yule binti kachukua printa na skana zote kwa kuwa ndo ugali wake, na ripoti zake ni nzuri kuliko zangu maana anaandika alichokiona, haandiki anachodhani. Mafundi tuna ugonjwa huo, tunaandika tunachodhani.

Hapohapo niseme ukweli mwingine, si kila cha zamani tukifie. Desktopu za Pentium 4 mimi mwenyewe naziambia zipumzike. Baadhi ya zile prosesa zinakula wati 115, prosesa peke yake hiyo bado hujawasha monita, wakati ile Atom N270 inakula wati mbili na nusu. Mtu anayekununulia Pentium 4 anakununulia deni la LUKU. Nikimwona mtunzaji kule nje anasema hizi tunaziacha nguvu ziende kwingine, kwa Pentium 4 nampigia makofi. Ila hizo laptopu za kizazi cha tatu na cha nne zinazopimwa kwa kilo, hizo ni 64-bit, zina giga 4 mpaka 8, zina miaka mingi mbele kama tu kuna mtu wa kusema pale zinapovunjika.

Kikwazo cha huku nakijua na sitaki watu wa mjini wakipuuze, ni bando. Historia nzima ya kerneli ni giga kadhaa, ukijichanganya kila mtu akishusha yake mmeshafilisika. Sisi anashusha mmoja usiku, wengine wanapita na flashi. Kingine ni lugha. Watu wanaogopa Kiingereza wakidhani watachekwa, wakati mtunzaji hahitaji insha, anahitaji jina la modeli, toleo la kerneli, ulifanya nini, ukaona nini, picha ya skrini kwa simu inatosha. Na tukumbuke hata hilo la Kiswahili liliwahi kufanyiwa kazi hapahapa nchini, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, kabla wengi wetu hatujamiliki hata barua pepe. Shida ya tafsiri ni kama kufagia uwanja wenye mwembe, kila toleo linakuja na majani mapya, inataka watu wa zamu.

Kwa hiyo ombi langu kwenu mhariri ni dogo. Mkiandika tena kuhusu kompyuta zilizofika mwisho, chini yake wekeni hata aya moja ya kumwambia mwenye mashine kwamba kabla hajaipeleka kwenye mizani kuna watu wanaitafuta kwa majaribio. Vyuo na mafundi wengine wenye vibanda kama changu, Tanga, Mbeya, Mwanza, kama mna mistari yenu kwenye kauntabuku zenu tuandikiane, isiwe tunajaribu mashine ileile watu kumi na nyingine haina mtu.

Kwetu sasa hivi kalamu nyekundu iko kwenye mistari minne: laptopu moja ya prosesa ya AMD ya kama 2012 ambayo ikilala haiamki, skana mbili za bapa, na ruta moja ambayo mwenye jina la pili kahamia Ifakara. Tunakutana Jumamosi kuanzia saa nane mchana, mwenye mojawapo aje nayo, hata mbovu. Chai ipo, maandazi kila mtu na lake.

Ni mimi,
Fundi kompyuta, Msamvu, Morogoro